Rungu Lililokaa Ng'ambo ya Njia

Mpakani mwa Mkabala hawakuniuliza jina. Afisa aliyekaa nyuma ya meza, mtu mpole mwenye kofia ya ukindu, alinitazama usoni akasema, "Kwenu, mlango wako unatazamana na wa nani?"

Nilidhani anatania. Nikamwambia kwamba mbele ya nyumba yangu kuna geti la kijani.

"Geti la nani?"

Nilikuwa nimeishi mbele ya geti lile tangu nilipohamishiwa shule ya mtaa ule. Niliijua honi ya gari lake na kikohozi cha mbwa wake. Jina la mwenyewe sikulijua. Afisa akangoja kidogo, kisha akachukua chaki, akachora duara tupu ubavuni mwa begi langu na kuniambia "pole" kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani.

Baadaye nilielezwa kwamba duara lile ni alama ya mtu asiye na wa mbele. Kila nilikopita watu waliliona wakanipisha. Mama mmoja muuza machungwa alikataa katakata kunitoza, akasema mimi nina shida za kunitosha.

Nilikwenda kule kwa udadisi tu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, jina langu Stamili Mgaza, na mtaani kwetu kuta zilikuwa zikipanda kila mwaka, juu ya kuta vipande vya chupa, na juu ya chupa waya. Niliposikia kuna nchi ambayo nyumba zake hazina komeo hata moja, nikataka kuiona kwa macho yangu.

Mji wao mkuu unaitwa Tazamana. Nyumba zote zimejengwa mbilimbili, mlango kwa mlango, njia nyembamba ikipita katikati, kiasi kwamba ukipiga chafya wa ng'ambo anakuombea afya. Hoteli hakuna, kwa sababu hoteli haina mlango unaotazamana na mtu. Mgeni hupangiwa nyumba ya mwenyeji, na mimi nilipangiwa kwa Bi Sikudhani, mjane msusi wa mikeka, mwanamke wa maneno machache ambaye vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki.

Jambo la kwanza nililoliona ndani mwake ni rungu la mpingo, limetundikwa nyuma ya mlango. Lilikuwa limechongwa jina: Kiondo.

"Ni la marehemu mumeo?" niliuliza.

"La huyo wa mbele."

"Mbona rungu lake liko kwako?"

"Lingekaa wapi?" aliniuliza, na niliona kwamba anashangaa kweli.

Hivyo ndivyo nilivyoifahamu sheria kuu ya Mkabala. Hakuna mtu anayeruhusiwa kulinda nyumba yake kwa silaha. Nyumba yako inalindwa na wa mbele yako, na rungu la nyumba yako linakaa kwake. Ukiingiliwa, unapiga yowe. Yeye anachukua rungu lako, anavuka njia, anaingia na kusema "Nimefika." Likishatamkwa neno hilo, mwenye nyumba anatakiwa kushusha mikono, na shauri lote linakuwa la aliyefika. Jirani wa pili anakuja kusimama mlangoni, wa tatu anaziba njia. Kabla hawajafika, mwenye nyumba ana ruhusa ya kukimbia, kujificha, kusukuma na kung'ata. Kung'ata kuliongezwa juzijuzi, baada ya mjadala uliochukua masika nzima.

"Lakini kwa nini?" nilimuuliza. "Nani ataipigania nyumba yako kuliko wewe?"

"Shida ni hiyo kuliko yako," alijibu, akaendelea kusuka.

Wengine walinieleza zaidi. Zamani, katika kipindi wanachokiita Miaka ya Makomeo, kila mtu alikuwa na silaha chini ya mto. Wezi walikufa, ni kweli. Lakini ilipofanyika hesabu, milangoni walikuwa wamekufa zaidi wakwe waliochelewa njiani, watoto waliotoroka kwenda ngomani wakarudi kimyakimya, na watu waliokuja kuomba moto. Waliowaua hawakuwa wabaya. Waliogopa. Basi wanawake wa mji wakazikusanya silaha zote wakazibadilisha: yako kwake, yake kwako. Walisema anayeogopa asiachiwe kuamua, na anayeamua awe mtu aliyevuka njia kwa miguu yake, akapata angalau hatua hizo chache za kufikiri.

Nikiri kwamba nilivutiwa. Nilianza hata kutunga moyoni hotuba nitakayowapa wenzangu mtaani. Halafu nikapelekwa kuiona Idara ya Mayowe.

Mkuu wa idara ile ni Bwana Mbaruku, mtu nadhifu sana mwenye sauti nzuri kama ya muadhini. Kazi yake ni kuhakikisha raia wanapiga mayowe sahihi, maana sheria inamlazimu jirani kutoka kwa yowe lililo sahihi tu. Alinitaka nijaribu. Nikapaza sauti, "Mwizi!"

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hilo ni tusi, mwalimu, si yowe. Umemtaja mtu kabla hujajua ni nani. Yowe linataka mahali. Mlango! Hapo jirani anajua umeingiliwa. Kwa moto tunasema Paa! Kwa nyoka tunasema Chini! Na kwa nyoka jirani halazimiki kutoka."

"Na mtu akisema tu Jamani?"

"Jamani ni yowe la jumla," alisema kwa uchungu, kama daktari anayetaja ugonjwa uliomshinda. "Linaweza kuwa chungu kimevunjika. Linaweza kuwa furaha. Kwa jamani halazimiki mtu."

"Lakini mtu aliyekabwa koo atakumbuka neno lipi ni lipi?"

"Ndiyo maana tuna mazoezi kila Alhamisi," alijibu Bwana Mbaruku.

Siku hiyohiyo nilipitishwa Mtaa wa Juu, wanakokaa matajiri. Huko nyumba moja ni kubwa, ina maua na ngazi za mawe, na mbele yake pana kibanda cha chumba kimoja. Kumbe matajiri hawapendi kutazamana na yeyote tu. Wamejenga vibanda, wakaweka humo majirani wa kukodi. Rungu la nyumba kubwa liko kibandani, na rungu la kibanda liko kwenye nyumba kubwa, kama sheria inavyotaka. Nilimuuliza bwana mmoja wa kibandani: je, akiingiliwa yeye, tajiri hutoka? Akasema, "Rungu langu analitumia kufunga pazia."

Niliporudi nilimsimulia Bi Sikudhani, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliweka pembeni ukili aliokuwa akisuka, akanionyesha vidole vyake viwili.

"Mimi wangu sikumkodi," alisema. "Nilimpata kwa haki, tangu tukiwa watoto. Mwaka juzi aliingia mtu humu ndani, nikiwa peke yangu. Alinishika mkono huu akaubana kwenye bawaba ya mlango. Nilipiga yowe mpaka nikahisi damu kooni. Kiondo alikuwa kibarazani kwake, hapo unapopaona. Hakutoka."

"Kwa nini?"

"Nilisema jamani."

Tangu siku hiyo hawakuwa wakisemezana. Ila sheria inamtaka kila mtu amuage wa mbele anapotoka, ili nyumba mbili zisiachwe tupu kwa wakati mmoja, na wao walikuwa wameipatia njia. Bi Sikudhani alifuga mbuzi mmoja njiani. Kila asubuhi Kiondo alikuwa akisimama kizingitini na kusema, "Mbuzi, mwambie wa ng'ambo natoka kwenda kununua gundi." Na Bi Sikudhani, akitazama kwingine, alikuwa akijibu, "Mbuzi, mwambie nimesikia." Mbuzi alikuwa akitafuna tu.

Siku moja kamba ya ndara yangu ilikatika nikapata kisingizio cha kuvuka njia, maana Kiondo alikuwa fundi viatu. Nilimkuta kwenye kigoda chake, ngozi zimetapakaa, nyundo mkononi. Nyuma yake, kitandani, alilala mama yake, Bi Mwajabu, aliyepooza miguu. Kiondo alinipokea vizuri. Nilipogusia jambo la vidole, nyundo ilisimama hewani.

"Mwalimu, wewe ni mtu uliyesoma. Sheria iko wazi. Alisema jamani. Niliwauliza watu wa Mayowe, wakaniambia sikukosea kitu." Akapiga msumari. "Sikukosea kitu."

Bi Mwajabu alikuwa akinitazama kutoka kitandani. "Mwanangu ni mtu wa sheria sana," alisema, na sikuweza kujua kama anamsifu.

Nilikuwa naanza kufikiria safari ya kurudi, lilipotokea jambo lililonibakiza. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Mimi na Bi Sikudhani tulikuwa barazani, yeye akisuka, mimi nikichambua mchele. Ng'ambo, Kiondo alikuwa uani kwake akiloweka ngozi. Tulimwona mtu akipita njiani, kijana mwembamba mwenye gunia begani, lakini wapita njia walikuwa wengi. Mara tukasikia kishindo ndani ya nyumba ile, na sauti ya Kiondo ikapasuka:

"Jamani! Jamani, mama yangu!"

Nilisimama, mchele ukamwagika. Bi Sikudhani hakusimama. Vidole vyake viliganda juu ya ukili, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeletewa zawadi ambayo hakuiomba.

"Bi Sikudhani!" nilisema.

"Hilo si yowe la mlango," alisema taratibu. "Umelisikia mwenyewe. Ni la jumla."

Alikaa. Sijui alikaa kwa muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu. Vishindo viliendelea. Ilisikika sauti ya chuma kikianguka sakafuni, kisha sauti ya mtu akilia, na haikuwa ya Kiondo wala ya mama yake. Halafu tena, "Jamani!" Safari hii alikuwa bibi kizee.

Bi Sikudhani aliutupa ukili. "Potelea mbali," alisema, akalinyakua rungu nyuma ya mlango na kuvuka njia akiwa peku. Nilimfuata. Mgeni katika nchi ile hana silaha, lakini analazimika kuwa shahidi.

Nilichokiona ndani ni hiki. Panga lilikuwa sakafuni, karibu na mlango, mbali na mkono wa mtu. Gunia lilikuwa limemwaga vipande vya ngozi. Yule kijana mwembamba alikuwa chini, amejikunja, mkono wake mmoja umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na mwingine ameufunika kichwani. Kiondo alikuwa amemwekea goti ubavuni na nyundo mkononi, akipiga. Kitandani, Bi Mwajabu alikuwa akinyoosha mikono asikoweza kufika. Shingoni alikuwa na mchirizi mwembamba wa damu. "Basi, mwanangu," alikuwa akisema. "Basi. Basi."

"Nimefika!" alisema Bi Sikudhani.

Kiondo hakushusha mikono.

"Kiondo! Nimefika!"

Alinyanyua nyundo juu ya kichwa cha yule kijana, juu kabisa, kwa mikono miwili. Bi Sikudhani alipiga hatua moja na kumshushia rungu kwenye kifundo cha mkono. Nilisikia mfupa. Nyundo ilianguka na kubiringika chini ya kitanda.

Kiondo alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Umenipiga mimi?"

"Nimekupiga wewe."

"Kwa rungu langu?"

"Kwa rungu lako," alisema, akapita katikati yao, akasimama mgongo kwa Kiondo na uso kwa kijana. "Na wewe, usijaribu kunyanyuka."

Hakuwa na uwezo wa kunyanyuka.

Huko Mkabala kesi ya nyumba husikilizwa mbele ya nyumba. Mabibi watatu wanaoitwa Mabibi wa Kizingiti huletewa mikeka na kukaa katikati ya njia, na kila mtu husemea mlangoni kwake. Mkubwa wao alikuwa Bi Mashavu, mwanamke mnene mwenye macho ya usingizi ambaye hakuna kilichompita. Bi Mwajabu aliachwa kitandani, dirisha likafunguliwa. Kijana, aliyejulikana kwa jina la Feruzi, alilazwa kwenye mkeka, mkono umefungwa mbao.

Aliyesimama kwanza ni Bwana Mbaruku. Aliniita mimi shahidi, akaniuliza: yowe la Kiondo liliposikika, Bi Sikudhani alifanya nini?

Nilimtazama mwenyeji wangu. Nilikuwa nimekula kwake na kulala kwake. Yeye alitazama miguu yake.

"Alikaa," nilisema.

Watu wakanong'ona. Lakini uso wa Bwana Mbaruku uling'aa kwa furaha. "Mmesikia! Alikaa, kwa sababu yowe lilikuwa jamani. Kukaa kwake kulikuwa halali kabisa. Shida yetu ni kunyanyuka. Mtu ambaye hakuitwa kwa yowe sahihi hakuitwa. Aliyeingia bila kuitwa ni mvamizi. Na sheria inasema mvamizi azuiwe na jirani wa mbele. Jirani wa mbele wa nyumba hii ni nani? Ni Bi Sikudhani. Kwa hiyo Bi Sikudhani alipaswa kumzuia Bi Sikudhani."

Jambo hili lilizungumzwa asubuhi nzima, na nathibitisha kwamba hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alipendekeza kila nyumba iwe na jirani wa pili wa kumlinda mtu dhidi ya jirani wa kwanza. Mwingine akataka kujua je, nyundo ya fundi ni silaha au ni kazi, na kama ni silaha, je, mafundi viatu washonee ng'ambo ya njia? Chai ikaletwa. Feruzi aliomba maji, na ikabidi ijadiliwe kwanza ni nani ampe.

Hatimaye Bi Mashavu alipiga kofi moja. "Nataka kumsikia Kiondo."

Kiondo alisimama kizingitini, mkono wake umening'inizwa kwa kitambaa. Alianza polepole.

"Nyie mmekaa hapa kivulini, mna chai. Mimi niliingia nikitokea uani nikamkuta huyu ameweka panga shingoni kwa mama yangu. Mama ambaye hawezi kukimbia. Nilimrushia nyundo, ikampata, panga likaanguka. Nikaiokota nyundo, nikamrukia. Mnaniuliza kwa nini sikuacha. Niache wakati gani? Nani aliniambia kwamba sasa amekwisha? Nilimwona anajongea. Kila alipojongea niliona panga, ingawa halikuwapo. Nikapiga. Nikapiga kwa ajili ya mama. Mnataka nijutie hilo? Sijutii. Halafu nimeita jirani anisaidie, akaja akanivunja mkono mimi. Mimi! Sasa nani alikuwa mwizi pale ndani?"

Watu wengi waliguna kumuunga mkono.

"Bi Mkubwa," alisema Bi Mashavu kuelekea dirishani. "Unasemaje?"

Sauti ya Bi Mwajabu ilikuwa ndogo, lakini njia nzima ilitulia.

"Pigo la kwanza lilikuwa langu," alisema. "Namshukuru mwanangu. La pili pia nalidai, maana nilikuwa na hofu. Hayo mengine sijui yalikuwa ya nani. Nilimwambia basi. Hakunisikia. Anasema alipiga kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa palepale namwambia basi."

Kiondo aliinamisha kichwa.

Feruzi alipoulizwa hakujitetea sana. Alikwenda kuiba ngozi. Panga alilibeba ili asiguswe. Bibi alipofumbua macho akaingiwa na hofu, akamwekea shingoni anyamaze. Alisema ni kosa lake. Mmoja wa Mabibi wa Kizingiti, kwa mazoea, akamuuliza mlango wake unatazamana na wa nani, ili mtu huyo aitwe amsimamie.

"Sina mlango," alisema Feruzi. "Nalala sokoni."

Sheria yao ilikuwa imefikiria kila aina ya jirani isipokuwa huyo, na niliwaona mabibi wale watatu wakitazamana kama watu waliogundua kwamba mgeni amekaa bila sahani. Kisha Bi Mashavu akasema jambo hilo litasikilizwa siku nyingine. Sijui kama lilisikilizwa.

Hukumu ilitolewa alasiri. Feruzi atakwenda kifungoni mkono ukipona, na mpaka upone atalala na kula kwa Kiondo, kwa kuwa mapigo ya ziada yalikuwa ya Kiondo. Kiondo alitaka kusema, mama yake akasema, "Sawa," na ikawa sawa. Bi Sikudhani hakukutwa na kosa. Bwana Mbaruku aliruhusiwa kuandikisha masikitiko yake.

"Limebaki moja," alisema Bi Mashavu. "Mtu aliyepigwa na wa mbele yake ana haki ya kugeuza mlango. Kiondo, ukitaka, kesho mafundi watauziba mlango huu na kukutobolea mwingine nyuma, utazamane na nyumba ya nyuma. Rungu lako litahamia huko. Unataka?"

Nilielezwa baadaye kwamba hakuna fedheha kubwa kuliko hiyo katika nchi ile. Anayegeuziwa mlango hubaki akitazamana na ukuta, na watu humwogopa. Bi Sikudhani alikuwa ameshika rungu lile kwa mikono miwili, vile vidole viwili vimenyooka hewani.

Kiondo alimtazama, kisha akamsemesha moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nilipofika.

"Sikudhani. Likitokea tena, mimi nikiwa vile, ungenipiga?"

"Ukiwa vile, ningekupiga."

"Hata kama ni mama?"

"Hata kama ni mama. Tena ningekuja mapema zaidi." "Nilikaa, Kiondo. Mwalimu amesema kweli. Nilikusikia nikakaa, nikaona raha. Ningenyanyuka ulivyoniita, huyu kijana angekuwa na mkono wake na wewe ungekuwa na wako."

Kiondo alishusha pumzi. Watu walisogea kumsikia.

"Siku ile ya vidole," alisema, "sikuwa nachambua neno. Nilijua ni mwizi. Nililiona hata gauni lako kwenye bawaba. Niliogopa. Miguu ilikataa. Waliponiambia kwamba jamani si yowe, nilifurahi kupata mahali pa kujificha."

Bi Sikudhani hakulia, ingawa nilitegemea alie. Alikuwa akimtazama tu, kwa makini, jinsi anavyoutazama ukili kabla ya kukata.

Bwana Mbaruku alisimama na kuuliza kama maungamo haya yafanyiwe kesi mpya. Bi Mashavu akawageukia wenzake, wakanong'ona, kisha akasema wamepekua akilini mwao mwote na hofu haina kifungu.

"Nakuuliza mara ya mwisho, Kiondo. Mlango ugeuzwe?"

"Ubaki hapohapo," alisema Kiondo.

Mabibi walinyanyuka, mikeka ikakunjwa, watu wakaanza kutawanyika. Wanaume wawili walimbeba Feruzi kumwingiza ndani. Kiondo alijaribu kuwasaidia kwa mkono mmoja, ikawa anawazuia tu, na dirishani mama yake alikuwa akiuliza ni nani atakayempikia mgonjwa, maana hapo ndani hakuna mwenye mikono mizima wala miguu.

Bi Sikudhani akaniambia nimtazamie nyumba, akavuka, akaingia kwa Kiondo bila kupiga hodi.